Bibi hakurogwa, anaumwa

Bibi akiuliza jambo lile lile mara tano, tusikimbilie kusema amerogwa, wala kwamba ni uzee tu. Ubongo una seli za ulinzi, mikroglia, zinazosafisha taka. Umri ukisonga, nyingi husafisha kwa uvivu huku zikitoa kemikali za uvimbe (si ule wa saratani) unaoumiza hata seli nzima. Katika ugonjwa alioueleza daktari Alois Alzheimer mwaka 1906, uvimbe huo huzidisha uharibifu. Presha, kisukari na sigara huongeza hatari. Ajabu yetu, hospitali tunaona aibu, kwa mganga tunampeleka mchana kweupe! Apimwe presha na sukari, na wajukuu wamjibu hata mara ya sita.