Mashujaa Wasio na Majina: Mchezo wa Rununu Katika Mizani ya Fasihi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ilinijia katika semina moja ya uzamili, pale nilipopendekeza kwamba baadhi ya michezo ya video ni matini zinazostahili kuhakikiwa. Ukumbi uliangua kicheko. Mwenzangu mmoja aliniuliza iwapo baada ya hapo ningeandika tasnifu kuhusu bao na karata. Nilicheka pamoja nao, lakini swali hilo halijaniondoka. Makala haya yanadhamiria kulijibu.

Mfano wangu ni Final Fantasy III, mchezo uliotolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwaka 1990 kwa ajili ya mtambo wa Famicom. Ni mchezo wa kuvaa uhusika. Mchezaji huliongoza kundi la wahusika katika safari ndefu, huzungumza na wenyeji wa vijiji, hupigana na maadui kwa zamu, na kila hatua huwaongezea wahusika wake nguvu na maarifa. Yatima wanne wa kijiji cha Ur wanaingia katika pango lililofunguliwa na tetemeko la ardhi. Humo wanalikuta jiwe la fuwele linalowateua kuwa Mashujaa wa Nuru. Yatima hao hawana majina wala historia, na tabia zao hazitofautiani. Ni mchezaji anayewapa majina.

Mwaka 2006 mchezo huu uliundwa upya kwa picha za pande tatu kwa ajili ya mtambo wa Nintendo DS. Kuanzia mwaka 2011 toleo hilo liliingia katika simu za mkononi, na hapo ndipo wengi wetu tulipokutana nalo, kwa kuwa rununu ndiyo mashine ya pekee tuliyoimudu. Jambo lililonivutia si picha bali usawiri wa wahusika. Yatima wanne walipewa majina: Luneth, Arc, Refia na Ingus. Arc ni kijana mwoga na rafiki wa utotoni wa Luneth. Refia ni msichana aliyelelewa na mhunzi wa kijiji cha Kazus, naye anaukimbia uhunzi. Ingus ni askari mtiifu wa mfalme wa Sasune. Hata mwanzo wa kisa ulibadilishwa: Luneth anatumbukia pangoni peke yake, na wenzake wanajiunga naye mmoja baada ya mwingine.

Je, huku ni kuiharibu kazi ya awali? Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kuharakisha jibu. Muhammad Kijumwa wa Lamu alipoutunga utendi wake wa Fumo Liyongo mwaka 1913, hakumbuni Liyongo. Alilipokea simulizi lililokwisha kupita vinywani mwa wengi, akalipa umbo lake. Fanani yeyote huongeza, hupunguza na huhamisha. Hatusemi kwamba ameiba. Twauliza amefaulu kiasi gani. Mizani hiyo hiyo ndiyo inayofaa kulipima toleo la 2006.

Nikiitumia mizani hiyo, naona faida na hasara. Faida ni kwamba Refia ana jambo analolikimbia na Ingus ana jambo analolitetea, kwa hivyo wanapoondoka makwao twajua wanachokiacha. Hasara ni kwamba wanne hao wakishakutana, tofauti zao hufifia, na mara nyingi huzungumza kana kwamba wana kinywa kimoja. Jina pekee halimfanyi mtu kuwa mhusika. Zaidi ya hayo, mchezaji amepokonywa nafasi yake ya kutunga. Labda ndiyo sababu toleo jingine la mwaka 2021, ambalo pia liliingia katika simu, liliirudia picha bapa ya zamani na kuwarejesha mashujaa katika hali ya kutokuwa na majina.

Thamani ya nafasi hiyo niliifahamu nyumbani. Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa akilicheza toleo hilo la 2021 na kumsimulia nyanya yake kila jioni. Alisoma kwa Kiingereza, akasimulia kwa Kiswahili. Siku moja nyanya alimuuliza, "Hao watoto wanaitwaje?" Kijana akajibu kwamba aliwapa herufi tu: A, B, C na D. Mama huyo alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, mtoto asiye na jina akipotea utamwita vipi?" Usiku huo kijana aliianza safari upya, akawapa mashujaa majina ya binamu zake. Tangu hapo nyanya akawa anauliza habari zao kwa majina, na mmoja akianguka vitani, husikitika kwelikweli. Kama hiyo si hadhira ya fasihi, sijui ni nini.

Sasa nimrudie mwenzangu wa bao na karata. Bao lina kanuni na ustadi; mchezo huu una vyote viwili, na juu yake una msuko na dhamira. Katika kisa hiki mchawi mkuu Noah anawaachia wanafunzi wake watatu urithi. Doga anapewa nguvu kubwa za uchawi, Unei anapewa ulimwengu wa ndoto, naye Xande anapewa maisha ya binadamu, yaani anapewa kufa. Xande anaiona zawadi hiyo kuwa tusi, na hasira yake inautia ulimwengu hatarini. Je, mauti yanaweza kuwa zawadi? Swali hilo lingeulizwa katika riwaya, tungelijadili kwa muhula mzima.

Hatimaye kuna suala la lugha. Wasiojua Kijapani walisubiri miaka 16, hadi mwaka 2006, kuupata mchezo huu rasmi kwa Kiingereza. Kabla ya hapo wapenzi wake walikuwa wameutafsiri wenyewe kwa mapenzi tu. Sisi wa Kiswahili tunasubiri nini? Najua kwamba simulizi la Liyongo ni la jamii nzima ilhali mchezo huu ni mali ya kampuni, na tafsiri yake yahitaji idhini. Lakini uhakiki hauhitaji idhini, wala uundaji wa istilahi. Napendekeza kwamba idara zetu zikubali tasnifu za aina hii, na kwamba chama chetu kianze kukusanya msamiati ambao vijana tayari wanautumia wanaposimuliana michezo hii.

Tukikataa, usimulizi hautakoma. Utaendelea sebuleni, baina ya mjukuu na nyanya, nasi wataalamu tutakuwa hatupo. Nyanya yule hajawahi kuingia katika ukumbi wa semina, lakini aliliuliza swali la kihakiki ambalo sisi tulilicheka.