MTEJA AKIFUNGUA DUKA LAKE

Huenda msomaji wetu akastaajabu kuona karatasi hii ya chama ikizungumza khabari za kamari ya Marekani. Kamari ni haramu katika dini yetu, na hukumu yake yajulikana tangu chuoni. Leo hatutaki kurudia hukumu hiyo. Twataka kutazama hisabati, kwani katika hisabati hiyo mna onyo kwa kila nchi ndogo inayokula kwa mkono wa jirani.

Mji wa Atlantic City umo kisiwani, katika kisiwa cha Absecon, jimbo la New Jersey. Hapo kale ulikuwa mji wa mapumziko ya pwani, kisha ukachakaa. Mwaka 1976 wapiga kura wa jimbo walikubali nyumba za kamari, yaani kasino, ziruhusiwe katika mji huo peke yake, na ya kwanza ikafunguliwa mwezi wa Mei 1978. Kwa miaka mingi hapakuwa na mshindani wa karibu. Mabasi yalimimina watu kutoka Philadelphia na New York. Serikali ya jimbo ilitoza asilimia 8 ya pato la kasino, na fedha hizo zikawekwa katika fungu la kuwasaidia wazee na walemavu. Mwaka 2006 pato la kasino zote lilifika dola bilioni 5.2. Waliokuwa wakihisabu fedha hizo hawakujiuliza zatoka mfukoni mwa nani.

Zilitoka, kwa sehemu kubwa, mfukoni mwa jirani. Philadelphia haimo New Jersey. Imo Pennsylvania, ng'ambo ya mto Delaware, mwendo wa kiasi cha kilomita 100 tu kutoka Atlantic City. Wakubwa wa Pennsylvania waliona fedha za watu wao zikivuka mto kila siku, na mwaka 2004 wakapitisha sheria yao wenyewe ya kamari. Mwishoni mwa mwaka 2006 mashine zao zikaanza kazi. Serikali yao ikatoza zaidi ya nusu ya pato la mashine hizo, na sehemu ya kodi hiyo ikatumika kuwapunguzia raia kodi za nyumba. Mwaka 2010 wakaongeza meza za karata. Kufikia mwaka 2012 Pennsylvania ilikwisha ipita New Jersey kwa pato la kasino. Je, nani awezaye kumlaumu? Mteja amefungua duka lake mlangoni pake, na kila mwenye duka ajua maana ya jambo hilo.

Khasara ilifuata. Mwaka 2013 pato la Atlantic City lilikuwa limeshuka chini ya dola bilioni 3. Katika mwaka mmoja tu wa 2014, kasino 4 kati ya 12 zilifungwa, na watu wapatao 8,000 wakakosa kazi. Moja yao, Revel, ilijengwa kwa dola bilioni 2.4, ikafunguliwa Aprili 2012, ikafungwa Septemba 2014, na mwaka 2015 ikauzwa kwa dola milioni 82. Mwaka 2016 ikafungwa nyingine, Trump Taj Mahal, na mwaka huo huo serikali ya jimbo ikashika mamlaka ya mambo ya mji ule, kwa kuwa baraza lake lilishindwa kubeba mzigo wa fedha.

Twawaomba wasomaji watazame ni nani aliyelipa. Mwenye mtaji huhamisha kilichobaki akaenda kwengine. Lakini mwosha vyombo, mtandika vitanda na mchukuzi wa mizigo hawana pa kuhamishia nyumba na watoto wao. Mji uliokuwa ukiishi kwa kodi ya majumba makubwa machache, thamani ya majumba hayo iliposhuka, ulibaki na deni, na deni likawaangukia wenye vijumba vidogo.

Wala Atlantic City haikuwa peke yake. Jimbo dogo la Delaware liliweka mashine za kamari tangu mwaka 1995, likavuna kutoka kwa majirani. Pennsylvania ilipofungua zake, na Maryland ikafuata mwaka 2010, mavuno yakapungua, hata mwaka 2013 serikali ile iliyozoea kupokea kutoka kwa kasino ikatoa fedha zake kuzisaidia.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba mwaka 2018 kasino 2 zilizofungwa Atlantic City zilifunguliwa tena chini ya majina mapya. Lakini hata hizo hazikurudisha siku za kuwa peke yao sokoni.

Sasa tugeuze macho kwetu. Nani asiyekumbuka khabari ya karafuu? Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikizitia katika sigara zake. Kisha ikapanda mikarafuu yake, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka, na mkulima wa Pemba ndiye aliyelia. Jambo lilikuwa lile lile: mteja amefungua duka lake. Na leo twaambiwa kila uchao kwamba uchumi wa visiwa hivi ni mahoteli na wageni. Hatuchukii wageni. Lakini bahari na mchanga mweupe havikuumbwa kwetu peke yetu. Mombasa wanavyo, na Shelisheli wanavyo.

Kwa hiyo twaitaka Serikali itujibu waziwazi. Katika kila shilingi iletwayo na mgeni, ni kiasi gani kinachogeuka kuwa skuli, mashua ya mvuvi, na shamba la mpunga, ili wali tunaoula usitoke ng'ambo? Fedha za siku njema zisipojenga kazi nyengine, siku mbaya zitatukuta mikono mitupu. Wanachama wetu waliomo barazani wasikae kimya mpaka swali hili lijibiwe, na wale wa matawini wawaulize wawakilishi wao kila mkutano. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.