Mwalimu, Nani Alimkata Miguu?

Nina ugomvi na vitabu vya kupaka rangi. Juzi mtoto mmoja wa darasa langu la PP2 aliinua kimoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu nani alimkata miguu?" Buibui aliyechorwa humo alikuwa na miguu sita, kama mende.

Siku iliyotangulia tulikuwa tumechuchumaa nyuma ya tangi la maji, mikono mgongoni, maana sharti letu ni kuangalia bila kushika. Niliupulizia utando maji kwa mdomo, nyuzi zote zikang'aa, na mwenye nyumba akatoka mbio akidhani amenasa chakula. Kelele zilizopigwa hapo! Kisha tukahesabu miguu mara tatu, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuwa wa kuhesabu.

Ndipo tukafinyanga. Udongo tunauchota ufuoni, miguu ni vijiti vya ufagio, macho manane ni punje za simsim. Karibu wote walichomeka miguu tumboni. Sikuwasahihisha, niliwarudisha nyuma ya tangi. Walirejea kimya, wakaing'oa, wakaihamishia kipande cha mbele, ambako ndiko inakoota yote minane. Buibui wa karatasi asiyetanguliwa na buibui hai, kwangu mimi, ni pambo la ukuta tu.

Wazazi wengine hulalamika kwamba nawazoesha watoto wadudu hatari. (Kwa hesabu ya miguu buibui hata si mdudu, lakini ubishi huo niliuacha.) Wapo buibui wa kuogopwa, ndiyo maana mikono hukaa mgongoni. Lakini sisi tunakaa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na malaria tunaijua kwa madawati yanayobaki wazi. Kwenye kuta za huku kwetu anaishi buibui mdogo mrukaji, Evarcha culicivora, asiyetega utando. Humnyatia mbu na kumrukia, na ampendaye zaidi ni yule aliyekwisha kunywa damu. Wanasayansi wamemchunguza hapa hapa Mbita, katika kituo cha ICIPE, na jina hilo la kisayansi alipewa mwaka 2003. Huyo ndiye tunayemponda kwa slipa.

Walimu wenzangu, kabla hamjanunua gundi na karatasi za rangi, mwombeni anayefagia darasa awaachie kona moja.