Tushiriki mikutano ya dunia kwa shura

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, tangu mwaka 2006 Umoja wa Mataifa huitisha kila mwaka Jukwaa la Utawala wa Intaneti. Humo hujadiliwa usalama wa watoto mitandaoni, siri za watu na nafasi ya lugha mbalimbali. Mambo hayo yamo majumbani mwetu, lakini sauti za misikiti yetu ni nadra kusikika huko.

Nauli na viza si udhuru tena. Tangu mkutano wa Hyderabad, India, mwaka 2008, watu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakikusanyika katika vituo vya kwao, wakifuatilia kwa intaneti na kutuma maswali. Allah (S.W.) amewasifu waumini wanaoshauriana, na sura ya 42 ya Qur'ani inaitwa Ash-Shura. Aliye peke yake na simu yake ni mtazamaji tu. Waliokaa pamoja wakaafikiana neno moja ni washauri.

Tatizo kubwa ni saa. Mkutano wa mwaka 2023 ulifanyika Kyoto, Japani. Saa 3 asubuhi ya huko ni saa 9 usiku kwetu Afrika Mashariki. Wa mwaka 2016 ulikuwa Mexico; saa 3 asubuhi yao ilikuwa saa 12 jioni kwetu, Magharibi ikikaribia. Wa mwaka 2024 ulikuwa Riyadh, ambako saa zao na zetu ni sawa. Isitoshe, nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mara mbili kwa mwaka.

Kwa hiyo kamati ya msikiti iandike ratiba kwa saa za Kiswahili, na kando yake nyakati za swala. Swala ina wakati wake maalumu; adhana ikiadhiniwa, kikao kisimame. Si lazima jamaa wote wakeshe. Vijana watatu wafuatilie usiku na kuandika, kisha watu wote wasomewe muhtasari baada ya Alasiri. Maswali yaafikiwe mapema, baada ya swala ya Ijumaa, na achaguliwe mmoja wa kuyawasilisha. Akina mama wawe na nafasi yao na kipaza sauti chao, kwani wao ndio wanaoshinda na watoto. Jenereta nayo iwe tayari.

Wapo watakaosema msikiti si mahali pa mambo haya. Tunawakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapokea wajumbe wa makabila katika msikiti wake wa Madina. Hata hivyo, chumba cha madrasa kinatosha.

Tukinyamaza, wengine watawaamulia watoto wetu, nasi hatutakuwa na haki ya kulalamika. Allah (S.W.) atuwafikishe. Amin.