Usiiache Pini Ielee

Nimeshika kalamu nikiwa na dukuduku, na dukuduku lenyewe ni kitufe. Naam, hicho kitufe kidogo cha miguu minne tunachobonyeza katika miradi ya sayansi. Najua wengine mtauliza, "Kitufe na Kiswahili wapi na wapi?" Subirini.

Tulipeleka mradi wa pampu kwenye maonyesho ya sayansi mjini Wote. Ukibonyeza kitufe, pampu inavuta maji kutoka kwenye jerikeni; ukikiachilia, inazima. Kwetu Kitui na Makueni, ambako watu hufukua mchanga wa mto mkavu ili wapate debe moja, huo si mchezo wa watoto. Basi mwamuzi akafika mezani, akanyoosha kidole kuuliza waya ule ni wa nini. Lo! Pampu ikanguruma yenyewe. Akaondoa mkono, ikazima. Akaurudisha, ikawaka. Maji yakafurika mezani hadi viatuni mwake. Kumwaga maji mbele ya Wakamba wakati wa kiangazi, jamani!

Sisi tukailaumu programu. Tuliporudi shuleni tukaiandika upya mara tatu, na pampu ikaendelea na wazimu wake. Kumbe kosa lilikuwa kwenye nyaya. Kitufe tulikiunga kati ya volti 5 na pini ya bodi ya Arduino, basi. Kikibonyezwa, pini inapata volti 5. Kisipobonyezwa je? Tulidhani inapata sifuri. La hasha! Haijaungwa na kitu chochote. Inaelea.

Tuliambiwa hayo kwa Kiingereza tukatikisa vichwa kama mijusi. Tulielewa siku mwenzetu mmoja alipoyasema kwa lugha yetu: pini hiyo ni mbuzi asiyefungwa kamba. Hayuko zizini wala hayuko shambani; yuko popote majani yanapomwita. Resista ndiyo kamba.

Hebu tuitazame kamba hiyo. Mikrokontrola ya Arduino Uno, ATmega328P, ikipewa volti 5 husoma chini ya volti 1.5 kuwa sifuri na juu ya volti 3 kuwa moja. Pini yake ya kupokea hunywa mkondo mdogo mno, usiofika hata sehemu moja ya milioni ya ampea, kwa hiyo chaji kidogo tu ya mkono inatosha kuiyumbisha. Mnaijua elektroskopu: rula iliyosuguliwa ikisogea, kijani cha dhahabu kinainuka bila kuguswa. Ni yale yale.

Dawa ni resista ya omu 10,000 kutoka kwenye pini hadi upande hasi. Kitufe kikiwa huru, pini inarudi sifuri. Kikibonyezwa, volti 5 inashinda, na kupitia resista unapita mkondo wa nusu miliampea tu. Mmoja wetu alisema, "Si tuweke waya mtupu?" Thubutu! Ukibonyeza, volti 5 inakutana na upande hasi ana kwa ana, na bodi uliyochangiwa na wazazi iko hatarini. Mbuzi hafungwi shingo kwenye kigingi, anaachiwa kamba.

Wako wanaodai haya yote ni kazi bure, ati ndani ya bodi kuna resista ambayo programu huiwasha kwa neno moja tu. Kweli ipo, ya kati ya omu 20,000 na 50,000. Huivuta pini juu, kwa hiyo kitufe huungwa upande hasi na kubonyeza husomeka sifuri. Mezani inafaa sana. Lakini tangi letu liko mbali na maabara, na waya mrefu hunasa kelele za umeme kama antena ya redio. Hapo kamba ya ndani ni dhaifu. Mimi nasema wekeni resista ya nje, tena ndogo kuliko ile ya 10,000. Ni ya shilingi chache, mbona tunaifanyia ubahili?

Na ile miguu minne? Imeungwa miwili miwili kwa ndani. Ukikosea jozi, kitufe kitasomeka kimebonyezwa mchana na usiku. Tumia miguu ya pembe zinazotazamana na hutakosea. Tena kibati cha ndani hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kinapogusa, hivyo kama unahesabu mibonyezo, iambie programu ingoje kama milisekunde 50 kabla ya kusadiki.

Ombi langu kwa walimu walezi wa vyama vyote viwili ni hili: ule mchoro wa zamani uliobandikwa kwenye kabati la maabara, usio na resista, ung'olewe. Nimechora mwingine, maelezo yake yote kwa Kiswahili, na mbuzi yumo. Nimeuacha mezani kwa mwalimu wa fizikia tangu Jumatatu.