Viongozi wa kwaya, nani anawashika mikono?

Wiki hii nina neno na viongozi wa kwaya. Mimi ni mwanakwaya, haya nayaona kwa macho. Kuwahudumia waumini tunajua sana, lakini viongozi kuhudumiana wenyewe kwa wenyewe, kasheshe! Mwalimu wa kwaya anakuja mazoezini kwa mguu kwa kukosa nauli, mwenyekiti anauliza tu kwa nini kachelewa. Mweka hazina anauguliwa na mtoto, katibu anachotaka ni hesabu. Wakiacha huduma, eti wamerudi nyuma!

Jamani, fungueni Kutoka 17. Kila Musa alipoinua mikono, Waisraeli waliwashinda Waamaleki. Alipochoka, Haruni na Huri hawakumsema. Walimtafutia jiwe akalie, wakamshika mikono, mmoja huku na mwingine huku, mpaka jua likazama. Na hawakuwa hausiboi wake! Ukisoma Kutoka 24, ndio hao hao walioachiwa kesi za watu Musa alipopanda mlimani.

Kwa hiyo mwenyekiti, kabla ya ajenda ya kwanza, muulize mwenzako nyumbani wameamkaje. Cheo hakipungui ng'o! Tukutane wiki ijayo.