Bayogesi ya nyumbani mkoani Singida: mwali, samadi na ndoo ya maji

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Vijijini, sura ya mkakati huo imekuwa hasa mtungi wa gesi wa kilo 6, unaouzwa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Tunaupokea kwa shukrani, kwa maana moshi wa jikoni umewaumiza mama zetu macho na mapafu kwa vizazi vingi. Lakini mtungi huisha, na kuujaza tena ni shauri la kaya yenyewe.

Gesi hiyo karibu yote huagizwa kutoka ng'ambo. Wapo wanaodhani hutoka Songo Songo au Mtwara, sivyo. Gesi ya huko ni methani karibu tupu, ilhali ya mitungi ni propani na butani. Hivyo ugali wa mtama unaosongwa Iramba au Ikungi umefungamana na bei ya dola na safari za meli. Mbolea ya viwandani nayo ni vivyo hivyo: vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya mfuko ilipanda mno, hata Serikali ikaanza kutoa ruzuku katika msimu wa 2022/2023. Jiko na shamba vinasubiri bandari ileile. Bayogesi hutoa gesi na mbolea katika zizi moja, na kwa sababu hiyo tunaona inastahili nafasi kubwa zaidi katika mjadala wa nishati na chakula.

Mtambo wenyewe si fumbo. Ni shimo lililojengwa kwa tofali na saruji na kuezekwa kuba chini ya ardhi. Kinyesi kibichi huchanganywa na maji kwa kiasi kilicho sawa, vijidudu visivyohitaji hewa hukivundisha, na methani hupanda kwenye bomba la jikoni. Kilo 30 za kinyesi kwa siku hutoa gesi ya kupikia kwa takribani saa tatu. Teknolojia hii si ngeni nchini: SIDO ilianza kuijaribu miaka ya 1970, CAMARTEC ya Arusha ikaiendeleza, na mwaka 2009 ikaanza programu ya taifa ya bayogesi ya kaya.

Hapa Singida, hata hivyo, samadi haikuwa takataka kamwe. Wanyaturu tangu zamani wamelaza ng'ombe nyumbani na kurutubisha kwa samadi mashamba yanayoizunguka kaya. Mkulima akiambiwa aitie shimoni, ana haki ya kuuliza mtama wake utakula nini. Jibu ni kwamba naitrojeni haiondoki na gesi. Hubaki katika tope linalotoka mtamboni, tena katika hali ambayo mmea huifyonza upesi. Kinachoungua jikoni ni kaboni. Ila tope hilo likiachwa wazi juani, naitrojeni hupaa angani kwa ile harufu kali ya amonia. Yafaa lifunikwe, au lichanganywe na mabua ya mtama na masalia ya alizeti liwe mboji, ambayo ni nyepesi zaidi kubeba. Watangazaji wa bayogesi husifu mwali wa buluu na kulisahau tope. Kwa mkoa huu sisi tungeanza na tope: mtambo ni kiwanda cha mbolea, na gesi ni nyongeza.

Kikwazo kikubwa ni maji. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, na kiangazi chetu hufikia miezi saba. Kilo 30 za kinyesi zinadai lita 30 za maji kila siku, yaani lita 6,300 kwa siku 210. Nani atazibeba? Tukimtua mama mzigo wa kuni kisha tukamtwika ndoo nyingine, hatujamsaidia. Paa la mabati la mita za mraba 40 hupokea lita 24,000 katika mwaka wa mvua ya milimita 600. Hata tukitoa zinazopotea, zinatosha na kubaki. Ghali ni tangi la kuzihifadhia. Mkojo wa ng'ombe waweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo, lakini tungependa pia ruzuku inayotolewa kwa mtungi itolewe kwa tangi.

Kisha kuna wasio na mifugo ya kutosha. Ng'ombe wa kienyeji achungwaye mbali mchana kutwa huacha zizini kinyesi cha usiku tu, hivyo mwenye ng'ombe wawili hawezi kuulisha mtambo. Mjane mwenye kuku watano hayumo kabisa. Katika *Laudato si'* (namba 179) Papa Fransisko alitaja ushirika wa wananchi wanaojizalishia nishati mahali walipo, na wazo ni zuri, ingawa mtambo wa majirani kumi huzaa upesi ugomvi wa nani hakuleta kinyesi chake.

Tunaona njia rahisi zaidi katika shule, seminari, hospitali na nyumba za watawa zenye nguruwe au ng'ombe wa maziwa. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, kwa hiyo uamuzi hauepukiki. Zina mapaa makubwa ya kukinga mvua, na zina mtu anayelipwa kuulisha mtambo kila asubuhi, hata siku ya Pasaka. Tope la vyoo lisipelekwe kwenye mboga za majani. Lile la mazizini, likisha kuwa mboji, lingeweza kugawiwa kupitia jumuiya ndogo ndogo kwa kaya zisizo na ng'ombe, kabla ya mbegu za mtama kuingia ardhini.